Nati sita, inchi nane na robo tatu

Tangu nianze kuweka picha za Chevrolet yangu hapa, maswali yanayokuja ni ya injini, rangi na bei. Ya ringi hakuna. Leo nataka kuandika ya ringi tu, tena kwa urefu, kwa sababu kwenye lori la umri huu ringi inaweza kumuua mtu kabla hata breki hazijapata nafasi.

Lori lenyewe ni modeli 4400 ya mwaka 1951, tani moja na nusu, ule muundo wa kichwa cha mviringo wenye vyuma vitano vya kulala mbele, ambao Chevrolet waliutoa katikati ya 1947. Nililinunua kwa familia ya mkulima nje kidogo ya Des Moines, hapa Iowa ninapoishi na kuendesha semi. Lilibeba mahindi miaka mingi, kisha likaegeshwa bandani likasahauliwa. Injini ni silinda sita za mstari mmoja. Gia nne, na ile ya kwanza ni ya kutokea matopeni tu. Magurudumu ni sita, mawili mbele na manne nyuma kwa jozi, tairi za tyubu namba 7.50-20. Niliposugua kutu ya ringi kwa brashi ya waya, yakatokea maandishi niliyokuwa naomba nisiyakute: Firestone RH5°.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, nieleze. Ringi ya lori ya tyubu tuliyoizoea nyumbani ina mwili mmoja na pete ya chuma ya kufungia pembeni. Tairi inaingizwa, pete inakalishwa kwenye mfereji wake, ndipo upepo unajazwa. Pete hiyo ni ya hatari, lakini angalau unaiona. Fundi anaigonga, anaizungusha macho, ikiwa imekaa upande anaitambua kabla hajafungulia kompresa. RH5 haina pete hiyo. Ringi nzima imegawanywa vipande viwili katikati, mfano wa kopo na kifuniko chake, na vipande hivyo vinaumana kwa kingo zao chini kabisa ya tyubu, mahali ambapo jicho halifiki. Ukishajaza upepo huna namna ya kujua kama vimeumana sawasawa au vimegusana tu, na vikiwa vimegusana tu, upepo unaweza kuvirusha wakati wowote. Na baada ya miaka sabini ya maji, chumvi ya barabarani na kinyesi cha ng'ombe, kingo zenyewe zimeliwa. Wamarekani wanaziita ringi za kuacha wajane, na wazee wa malori ya kale huku wakizitaja hushusha sauti.

Idara ya usalama kazini ya nchi hii, OSHA, ilitoa kanuni ya ringi za vipande mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaipanua ikazigusa na zile za kipande kimoja. Nimeisoma yote kwa sababu ni kanuni nzuri, na kila fundi wa pancha wa lori popote alipo angefaidika nayo. Gurudumu la vipande lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha vyuma. Mpira wa upepo uwe mrefu, wenye kichwa kinachojibana chenyewe kwenye valvu, ili anayejaza asimame mbali, nje ya njia ambayo chuma kingerukia. Na kabla ya kulifungua gurudumu, kile kisindano cha ndani ya valvu kitolewe chote, upepo uishe hadi wa mwisho. Gurudumu lililotembea na upepo asilimia 80 au chini ya hapo ya unaotakiwa, toa upepo wote kabla hata hujalitoa kwenye ekseli. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaipuuza zaidi.

Nilipeleka ringi moja duka la tairi la jirani. Kijana wa kaunta alitoka na tochi, akainama, akasoma yale maandishi, akarudi nyuma hatua mbili. Akanieleza kwa adabu kwamba hapo hawazigusi, bima yao haiwaruhusu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefundishwa kuzifungua. Sikumlaumu hata kidogo. Mimi nimekulia Korogwe, mjomba wangu alikuwa na Bedford, na nikiwa mdogo nilikuwa namfuata utingo wake hadi kwa fundi wa pancha pale stendi. Fundi yule hakuwa na kizimba. Alikuwa analaza gurudumu kifudifudi, upande wa pete chini kwenye udongo, anapitisha mnyororo mzito kwenye matundu ya ringi, ndipo anaanza kujaza, huku akiwafukuza watoto wote. Siku moja, gereji ya upande wa pili wa barabara, kijana mwingine alijaza gurudumu likiwa limesimama, limeegemezwa ukutani. Pete iliruka ikamvunja mkono juu ya kiwiko, na ikaenda kutoboa bati la kibanda nyuma yake. Niliona lile tundu kwa macho yangu. Hiyo ilikuwa pete ya kawaida, ile inayoonekana. Kwa hiyo kwenye RH5 sikuwa na mjadala na nafsi yangu: hazitembei barabarani, na hazijazwi upepo kwenye banda langu ambamo wanangu wanapita.

Sasa, kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kutafuta ringi za inchi 20 za pete ya kufungia, ubaki na tyubu zako na sura ya lori isibadilike. Hiyo ni njia halali kabisa. Ringi za pete zikiwa nzima, pete ikiwa ni ya ringi ileile na siyo ya kuokoteza, na fundi akiwa anajua kazi, zinafanya kazi duniani kote hadi leo. Sina ugomvi na anayezichagua. Lakini mimi nataka nikipata pancha njiani niweze kuingia duka lolote la tairi la Iowa nikahudumiwa. Hiyo maana yake ni ringi ya kipande kimoja na tairi ya tyubulesi, yaani isiyotumia tyubu.

Tyubulesi za lori zina namba zenye nusu: 17.5, 19.5, 22.5, 24.5. Nusu hiyo ina kazi. Ringi ya tyubu ya inchi 20 ina kiti cha tairi kilichoinama nyuzi 5. Ya tyubulesi kimeinama nyuzi 15, na katikati ina bonde ambalo mdomo wa tairi unashukia wakati wa kuvalishwa. Ndiyo maana inaweza kuwa kipande kimoja na tairi bado ikaingia. Kwa sababu ya tofauti hiyo ya viti, tairi ya ringi moja haitakiwi kamwe kuvishwa ringi nyingine, na namba zikatenganishwa ili mtu asichanganye. Kwa wenye malori makubwa zaidi, mlinganisho unaotumika ni huu: palipokuwa na 9.00-20 inakuja 10R22.5, na palipokuwa na 10.00-20 inakuja 11R22.5, ile ambayo leo unaiona chini ya semi nyingi za Marekani. Kwangu mimi mwenye 7.50-20 ingekuwa 8R22.5, au kwa tairi za siku hizi 255/70R22.5, ambayo ukipiga hesabu inatoka inchi 36 na nusu kwenda juu. Ya kwangu ya zamani nilipima kwa futi kamba nikapata karibu 37. Kwa kimo, 22.5 ndiyo jibu la kitabu.

Tatizo ni nati. Habu zangu, zile sehemu za ekseli zinazoshika gurudumu, zina bolti sita, na ringi za 22.5 zilizojaa kwenye yadi za hapa ni za bolti kumi. Yapo makarakana yanayokata kitovu cha ringi yako ya zamani na kukichomelea ndani ya ringi mpya ya tyubulesi kwa mashine, kwa ustadi mkubwa. Niliomba bei ya ringi sita. Ilizidi bei niliyonunulia lori zima. Nikamshukuru yule bwana kwenye simu, nikarudi kwenye futi kamba.

Bolti zikiwa sita, kupima mduara wake ni rahisi, maana kila bolti ina mwenzake anayetazamana naye: unapima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya ile ya ng'ambo. Zikiwa tano hakuna ya kutazamana, hapo itabidi hesabu. Mimi nilipata inchi nane na robo tatu. Nikaandika ukutani kwa chaki: 6, 8.75. Nikawa nazunguka nayo kichwani nikiwa barabarani, Nebraska, Illinois, Missouri, kila nilipoona lori dogo limeegeshwa kwenye kituo cha mafuta natupa jicho kwenye nati.

Jibu lilitoka nyumbani Tanga. Mpwa wangu anaendesha Canter, anabeba machungwa kutoka Muheza hadi Dar es Salaam. Nilikuwa naongea naye kwa simu ya video, akiwa ameegesha Muheza, na nyuma yake nikaona gurudumu la Canter limejaa kwenye skrini. Nati sita. Nikamwambia, "Hebu shika futi kamba, nipimie hapo kwenye nati."

Akacheka. "Mjomba, kwani huko Marekani hakuna magurudumu?"

"Yapo. Wewe nipimie. Katikati ya nati hadi katikati ya ile inayotazamana nayo."

Akapiga magoti, nikamsikia anasoma kwa sauti. "Mia mbili ishirini na mbili, na kidogo. Milimita."

Nikachukua kikokotoo. Inchi 8.75 mara milimita 25.4 ni 222.25. Siyo karibu na hapo, ndiyo hapohapo. Kipimo cha milimita 222.25 ndicho kipimo cha nati sita cha malori madogo ya Kijapani: Mitsubishi Canter, Isuzu ya NPR na NQR. Namba hiyo yenye robo mwishoni haielekei kabisa kuzaliwa kwenye milimita. Ni inchi zilizovaa nguo nyingine. General Motors walikuwa wanaunganisha Chevrolet mjini Osaka tangu 1927, na mwaka 1971 wakanunua asilimia 34.2 ya Isuzu. Njia hasa ambayo kipimo kilipitia hadi kikafika kwenye Canter ya mpwa wangu sitaki kuibuni, ila nilikaa pale bandani nikiangalia habu ya 1951 na ile picha ya Muheza kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Lori la babu wa mkulima wa Iowa na gari la machungwa la Tanga vinashika gurudumu kwa mkono uleule.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kutafuta Isuzu zilizokufa. Hapa Marekani Isuzu hizo ziliuzwa pia kwa nembo za Chevrolet na GMC, zikiitwa W3500, W4500 na W5500. Nyingi zilikuwa za maboksi ya kusambazia bidhaa na za kukata nyasi. Zile nyepesi zina ringi za inchi 16, hizo hazikunifaa. Ile ya W5500, ambayo ni ndugu wa NQR, ina ringi za 19.5 kwa upana wa 6.00, nati sita, kipande kimoja, tairi 225/70R19.5. Ukiwa yadini usiulize "ringi za Isuzu", utapewa chochote. Uliza namba hizo, kisha usiondoke bila kuzisoma mwenyewe zilivyogongwa kwenye chuma.

Ringi za kwanza nilizopata zilitoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Zilikuja zimepakwa rangi nyeupe nzito, zinang'aa. Rangi mpya kwenye ringi kuukuu hunitia shaka. Nilifanya kile alichokuwa akifanya fundi wa mjomba: nikakwangua rangi kuzunguka matundu ya bolti na yale matundu makubwa ya kupitisha mkono, nikapaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta hadi pakauka kabisa, kisha nikasugua unga wa chaki juu yake. Ukisubiri kidogo, pale penye ufa mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Kwenye ringi moja mstari ulitokea, mwembamba kama unywele, kutoka ukingo wa tundu la mkono hadi tundu la bolti. Kwenye nyingine ulitokea mfupi. Nilimtumia muuzaji picha, akazichukua ringi zote na kurudisha pesa. Wewe unayenunua ringi za mitumba, popote ulipo, fanya hivi. Chaki na mafuta ya taa havina gharama, na ringi yenye ufa haichomelewi, inatupwa.

Sita nzima nilizipata hatimaye kwenye yadi ya magari mabovu, chini ya boksi la kampuni ya mikate lililogongwa mbele. Ringi hazikuguswa na ajali. Kutu ya juu tu. Nikazijaribu kwa chaki zote sita, mwenye yadi akinitazama kwa udadisi, na hakuna mstari hata mmoja uliotokea.

Lakini mduara wa bolti ukilingana bado hujamaliza, na hapa ndipo naomba msomaji mwenye lori la kale asiharakishe. Tundu la katikati la ringi hizo ni milimita 164, na ni lazima lipite kwenye kitovu cha habu. Kabla sijalipa nilikata duara la kipenyo hicho kwenye kadibodi ngumu, nikalivisha kwenye habu zangu za mbele na nyuma. Lilipita. La kwako linaweza lisipite, maana malori haya yamebadilishwa ekseli na habu njiani mara nyingi kuliko karatasi zake zinavyosema.

Kisha kuna breki. Ringi ya 19.5 ina lile bonde katikati, kwa hiyo ndani yake ni nyembamba kuliko ya 20, na drami ya breki ya lori la kale ni kubwa. Nilichukua udongo wa kuchezea wa binti yangu, nikabandika vidonge juu ya drami pande nne, nikavisha ringi tupu bila tairi, nikakaza nati kwa mkono, nikazungusha taratibu mzunguko mmoja. Nikatoa. Vidonge vilikuwa vimebonyea lakini havikukatika, na kile chembamba kuliko vyote kilikuwa na unene wa kidole changu kidogo. Hiyo ni nafasi inayotosha kwa chuma na kwa joto. Nikarudia na valvu ikiwa imefungwa, kwa sababu valvu nayo huwa inachomoza kuelekea drami, na ikigusa inakatwa mara moja.

Nyuma, kwenye jozi, kuna suala la tairi mbili zisigusane. Umbali kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya mwenzake ni mara mbili ya kile kina ambacho uso wa ringi umeingia kutoka katikati yake. Mtengenezaji wa tairi huandika umbali wa chini unaokubalika. Ukipungua, mashavu ya tairi yanasuguana lori likibeba mzigo, yanapata joto, na tairi inaungua. Ringi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya jozi na kwa tairi hii hii, kwa hiyo hapo nilipumua. Mtu asishawishike kuvalisha tairi nene zaidi ili kupandisha kimo. Nililifikiria sana hilo. 245/70R19.5 ingenipa inchi moja zaidi, lakini inataka ringi ya upana wa 6.75 au 7.50, na zangu ni 6.00. Hapo pameisha.

Mwisho wa vipimo ni viti vya nati. Nati nyingine zina uso wa duara, nyingine wa koni, na ringi nayo ina kiti chake. Duara likikaa kwenye koni linashika kwenye mstari mwembamba tu, linaonekana limekaza leo, baada ya wiki limelegea. Nilipaka uso wa kila nati rangi ya bluu ya mafundi, nikakaza kidogo, nikafungua nikaangalia alama iliyobaki kwenye ringi. Bluu ikiwa imeenea kiti chote, ni sawa. Ikiwa ni uzi tu, tafuta nati nyingine. Na usisahau kwamba upande wa kushoto wa malori mengi ya kale, na wa Isuzu pia, nati zinafungwa kinyume. Tafuta herufi L kwenye bolti. Nimeona watu wazima wenye nguvu wakikata bolti nzima kwa sababu waliongeza bomba kwenye wilispana na kuvuta upande usio wake.

Tairi nilinunua mpya. Zile zilizokuja na ringi zilikuwa na kina kizuri cha kashata, lakini nilisoma zile tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, nikaona umri wake hautoshi kwangu. Mpya zina namba 128/126, yaani kila moja inabeba kilo 1,800 ikiwa peke yake na 1,700 ikiwa kwenye jozi. Lori langu halitafika huko. Duka lilelile la jirani ndilo lililozivalisha, na kijana yuleyule wa kaunta akatoka nje kuangalia lori. Safari hii hakurudi nyuma. Nyuma nilimwomba aweke valvu ndefu kwa ringi za ndani, ili niweze kupima upepo bila kutoa gurudumu la nje. Watu wanaacha kupima tairi ya ndani kwa sababu mkono haufiki, na ndiyo hiyo inayopasuka.

Sasa niseme nilichopoteza, maana kipo. Tairi mpya zina kimo cha inchi 32, za zamani 37. Lori limeshuka inchi mbili na nusu, na kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali kidogo zaidi ya asilimia 86 ya ule wa zamani. Dashibodi ikisema maili 50 kwa saa, kweli ni 43. Injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na lori hili halikuwa na mbio tangu lilipozaliwa. Mwenzangu mmoja anayependa malori haya, tulikutana Walcott kwenye makumbusho ya malori ya Iowa 80, aliniambia uso kwa uso kwamba nimeliharibia sura, kwamba chini ya matao yale makubwa ya matope magurudumu yanaonekana madogo. Ana haki. Yanaonekana madogo. Ningekuwa nalipeleka maonyesho tu, kwa trela, ningetafuta zile za inchi 20 za pete.

Ila lori langu linafanya kazi. Majira ya joto linabeba mboga za shamba letu la pamoja, ambapo tunalima na Warundi na Wakongo wa hapa Des Moines: mchicha, majani ya maboga, ngogwe, mahindi meupe ya kuchoma. Jumamosi asubuhi linajaa masanduku nyuma, na akina mama wawili wanakaa pamoja nami kwenye kichwa cha lori. Barabara ni za vijijini, mwendo wa maili 40 unatosha kabisa, na kwenye vilima kimo kidogo cha tairi kinaipa injini nafuu, kwa hiyo gia ya nne inapanda pale ambapo zamani nilishuka ya tatu. Usukani nao umekuwa mwepesi. Na nikiwa nimekaa nao mle ndani, sitaki kuwaza kilicho chini yetu.

Baada ya safari ya kwanza nilikaza nati upya kwa spana ya kupima nguvu, na nikarudia baada ya kubeba mzigo. Rangi mpya chini ya nati hubonyea, na chuma kinakaa. Zote zilishika isipokuwa mbili za nyuma kulia zilizosogea kidogo mara ya kwanza. Mara ya pili hazikusogea.

Zile RH5 sita sikuziuza, ingawa kuna aliyezitaka kwa ajili ya kupamba bustani, na mwingine aliyesema atazitumia kwenye mkokoteni wa nyasi. Nilitoa visindano vya valvu zote, nikasubiri, nikapitisha waya kwenye kila valvu kuhakikisha haijaziba kwa kutu, ndipo nikatoa magurudumu. Baadaye nikazikata kila moja kwa gesi, vipande vinne, nikapeleka skrepa. Hakuna atakayezivalisha tairi tena.

Kilichobaki ni spea. Natafuta ringi moja ya 19.5 kwa 6.00, nati sita, milimita 222.25, isiyo na ufa, ndani ya Iowa, Nebraska, Illinois au Missouri, maana huko napita na semi na naweza kuichukua mwenyewe. Mwenye nayo, au aliyeona W5500 imelala mahali, aniandikie. Nitakuja na chaki na mafuta ya taa.